Mshale Kuliko Namba: Tathmini ya Vihisi vya Kupima Sukari Mfululizo

Tuchukue namba moja tu, 6.1 mmol/L, ambayo kwa wanaotumia kipimo kingine ni miligramu 110 kwa desilita. Mtu mwenye kisukari akichoma kidole na kuiona namba hiyo kwenye glukomita, hushukuru, akafuta tone la damu na kuendelea na shughuli zake. Namba hiyohiyo ikitokea kwenye kihisi kilichobandikwa mkononi, na kando yake ikawepo mishale miwili inayoelekea chini, habari hubadilika kabisa: sukari inaporomoka kwa kasi ya takriban 0.17 mmol/L kila dakika au zaidi, na isipozuiwa, katika muda wa robo saa itakuwa imevuka 3.9 kwenda chini, mahali ambapo mikono huanza kutetemeka na akili kupotea. Aliyechoma kidole anaweza kuwa katika hatari hiyohiyo, dakika hiyohiyo, asijue. Thamani ya vifaa vya kupima sukari mfululizo iko hapo, na kwa maoni yangu wengi wanaovilaumu, pamoja na baadhi ya wanaovisifu, huvihukumu kwa kitu kingine kisichohusika.

Ninaandika nikiwa mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ninayejidunga insulini mara kadhaa kwa siku, na ambaye kwa miaka kadhaa nimevaa vihisi vya aina mbalimbali karibu bila kupumzika. Kasoro zilizonipata mwenyewe nitazieleza bila kusema ni za kihisi kipi, kwa sababu kihisi kimoja kilichoharibika si ushahidi wa kutosha dhidi ya kiwanda kizima. Nitakapotaja bidhaa kwa jina, itakuwa ni kwa sifa zake zinazojulikana na kila mtu.

Kwanza ni vyema ieleweke kwamba kihisi, ambacho wengi wetu tunakiita sensa tu, hakigusi damu. Uzi mwembamba wenye urefu wa milimita chache huingia chini ya ngozi na kukaa katika majimaji yaliyo kati ya seli. Uzi huo umepakwa kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi, ambacho hukutana na sukari na kusababisha mmenyuko unaozalisha umeme mdogo sana. Kadiri sukari inavyokuwa nyingi ndivyo umeme unavyoongezeka, na kompyuta ndogo iliyo juu ya ngozi huugeuza umeme huo kuwa namba na kuirusha kwenye simu kwa Bluetooth. Baadhi ya vihisi hutoa namba kila baada ya dakika 5, na vingine kila dakika. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani, kwani mwanasayansi Mmarekani Leland Clark alilieleza mwaka 1962, miongo kadhaa kabla ya simu zinazoonyesha matokeo yake leo.

Kwa kuwa sukari hutoka kwenye damu ndipo ikaingia katika majimaji hayo, kihisi daima hufika kwa kuchelewa. Mimi hufikiria kisima kilichochimbwa kando ya mto: mto ukijaa, kisima nacho hujaa, lakini si papo hapo, na mto ukikauka, kisima hubaki na maji kwa muda kabla ya kufuata. Sukari ikiwa imetulia, mto na kisima huwa sawa, na namba mbili hukaribiana. Ikiwa inapanda au kushuka kwa kasi, ucheleweshaji wa dakika 5 hadi 10, na mara nyingine zaidi, hutosha kuleta tofauti ya mmol/L moja au mbili kati ya kidole na kihisi, hali vyote viwili vikiwa vinasema kweli. Malalamiko mengi ninayoyasikia ya kwamba kihisi kinadanganya huwa yanatokana na mtu aliyelinganisha namba hizo nusu saa baada ya kula, wakati ambao kwa hakika ndio mbaya kuliko wote wa kufanya ulinganisho huo.

Kihisi cha kwanza cha aina hii kuruhusiwa nchini Marekani kilitoka kwa kampuni ya MiniMed mwaka 1999. Kilivaliwa kwa siku 3, na mgonjwa hakuona chochote. Daktari ndiye aliyezipakua takwimu baadaye na kumweleza yaliyopita. Kwa miaka mingi baada ya hapo, hata vihisi vilivyoonyesha namba papo hapo vililazimika kusahihishwa kwa kuchoma kidole kila siku, jambo lililowafanya watu waulize, kwa haki kabisa, kwamba wamepunguziwa nini. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2014 kampuni ya Abbott ilipotoa FreeStyle Libre barani Ulaya, kihisi cha siku 14 kilichosahihishwa kiwandani na kusomwa kwa kupitisha kisomeo juu yake, na kisha mwaka 2018 G6 ya kampuni ya Dexcom iliporuhusiwa Marekani nayo ikiwa haihitaji kusahihishwa kwa kidole. Leo ushindani mkubwa uko kati ya Libre 3 na Dexcom G7, zote zikiruhusiwa Marekani mwaka 2022, pamoja na vihisi vya Medtronic ambavyo kwa kiasi kikubwa vimeundwa vifanye kazi na pampu za insulini za kampuni hiyohiyo.

Kuvaa kihisi ni jambo jepesi kuliko linavyoonekana. Kibandikio hushikwa juu ya ngozi iliyosafishwa na kukauka, hubonyezwa, na sindano huingia na kutoka kabla mtu hajamaliza kukunja uso. Kinachobaki chini ya ngozi ni ule uzi laini tu. Wanaoogopa sindano hushangaa kwamba sauti ya kibandikio ndiyo inayowashtua zaidi kuliko maumivu yenyewe. Mahali pa kawaida ni nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, na ushauri wangu wa kwanza kwa mgeni ni kwamba asikiweke upande wa nje ambako fremu za milango zinakisubiri. Nimepoteza vihisi viwili kwa namna hiyo, kimoja kikiwa na siku moja tu.

Baada ya kubandikwa, kihisi huhitaji muda wa kujiandaa kabla ya kuonyesha namba: dakika 30 kwa Dexcom G7, saa 1 kwa Libre 3, saa 2 kwa Dexcom G6. Watengenezaji hupenda kutangaza tofauti hiyo, nami naona imepewa uzito kupita kiasi. Jambo muhimu zaidi, ambalo halipewi nafasi yoyote katika matangazo, ni kwamba siku ya kwanza ndiyo siku dhaifu kuliko zote. Mwili umejeruhiwa kidogo mahali uzi ulipopita, tishu za hapo zinajitibu, na namba zinaweza kuyumba kwa saa 24 za mwanzo. Siku hiyo mimi huthibitisha kwa kidole kabla ya kila uamuzi mkubwa wa insulini, na kwa sababu hiyo hiyo hupenda kubadilisha kihisi asubuhi, ili siku dhaifu iishe nikiwa macho. Kihisi kimoja kiliwahi kunionyesha 3.2 usiku wake wa kwanza mfululizo hali kidole kikisema 6 na ushee. Ningekifuata, ningekula sukari nisiyoihitaji hadi alfajiri.

Gundi inastahili sifa na lawama kwa pamoja. Kwa wengi hushika vizuri kwa muda wote, hata kwa wanaooga mara mbili kwa siku na kutoka jasho jingi, ingawa katika siku za mwisho kingo huanza kuinuka na kunasa nguo. Kwa baadhi ya watu, hata hivyo, ngozi huwasha, hubadilika kuwa nyekundu na kutoa malengelenge, na hilo si suala la usafi. Watafiti wa magonjwa ya ngozi waligundua mwaka 2017 kwamba kemikali iitwayo isobornili akrileti, iliyokuwemo katika Libre ya awali, ndiyo iliyokuwa ikisababisha mzio kwa baadhi ya watumiaji. Mtu anayepata upele wa namna hiyo asivumilie akidhani ngozi itazoea, kwa kuwa mzio wa mguso huongezeka kadiri ngozi inavyozidi kukutana na kitu kile kile. Amwone daktari wa ngozi na ajaribu kihisi chenye gundi tofauti.

Sasa nije kwenye usahihi, mada ambayo wanunuzi huianza na ambayo mimi nimeiacha hadi hapa kwa makusudi. Kipimo kinachotumika huitwa MARD, yaani wastani wa tofauti kati ya namba ya kihisi na namba ya maabara, ikielezwa kwa asilimia. Libre ya kwanza ilikuwa na asilimia 11.4, Dexcom G6 ilitangazwa kuwa na asilimia 9.0, Dexcom G7 ikivaliwa mkononi na watu wazima ilipata asilimia 8.2, Libre 3 inatangazwa kwa asilimia 7.9. Kadiri namba hiyo inavyokuwa ndogo ndivyo inavyokuwa bora, na hadi hapo kila kitu ni rahisi. Ugumu ni kwamba kila kampuni imeipata namba yake katika utafiti wake, kwa watu wake, kwa ratiba yake ya kupandisha na kushusha sukari za washiriki, hivyo tofauti ya nusu asilimia kati ya bidhaa mbili haina maana yoyote kwa mtu anayechagua. Isitoshe wastani huficha mengi. Kihisi kinachokosea kidogo sukari ikiwa 12 na kukosea sana ikiwa 3.5 kinaweza kuwa na wastani mzuri, lakini makosa yale ya chini ndiyo yatakayomdhuru mtu aliyelala.

Wala glukomita si hakimu asiyekosea. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinataka asilimia 95 ya matokeo yake yawe ndani ya asilimia 15 ya namba ya maabara sukari ikiwa 5.6 mmol/L au zaidi, na ndani ya 0.83 mmol/L ikiwa chini ya hapo. Maana yake ni kwamba glukomita nzuri kabisa inaweza kusema 8.5 au 11.5 sukari halisi ikiwa 10, na bado ikahesabiwa kuwa imefaulu. Nyongeza ya hapo ni kidole kilichogusa tunda na hakikuoshwa. Kwa hiyo mtu anapoweka kihisi na glukomita kando kwa kando na kuhuzunika kwamba kimoja kinasema 7.4 na kingine 8.3, anashuhudia mashahidi wawili waaminifu waliosimama mahali tofauti. Swali lenye faida ni hili: je, vyote viwili vinanielekeza kufanya jambo lile lile? Vikitofautiana hadi uamuzi ubadilike, au vikitofautiana na jinsi mwili unavyojihisi, hapo kidole kilichooshwa na kukaushwa ndicho cha kufuata.

Baada ya muda nilijikuta nikiangalia mshale kwanza na namba baadaye. Mshale mmoja ulionyooka kwenda chini humaanisha, kwa vihisi vingi, kwamba sukari inashuka kwa zaidi ya 0.1 mmol/L kwa dakika. Ukiwa na 9 na mshale huo kabla ya kula, dozi ya insulini unayoihitaji si ile unayoihitaji ukiwa na 9 na mshale wa kulala, yaani sukari ikiwa imetulia. Kabla ya kuanza safari au mazoezi, mshale ndio unaonieleza kama niende au nikae kwanza. Hata kosa la kihisi kwa kawaida halivurugi mshale: kihisi kinachosoma juu ya ukweli kwa mmol/L moja mara nyingi hukosea hivyo hivyo kwa saa nyingi mfululizo, kwa hiyo mwelekeo wake hubaki sahihi. Ndiyo maana nasema kwamba mnunuzi anayekesha akilinganisha MARD anapoteza usingizi kwa jambo dogo.

Na tukitaja usingizi, huko ndiko kifaa hiki kilikobadilisha maisha yangu na huko huko ndiko kinakochosha. Sukari ikishuka usiku, mtu aliyelala anaweza asiamke, hasa akiwa ameishi na kisukari kwa miaka mingi na dalili za onyo zikiwa zimefifia. Kengele ya kihisi hufanya kazi ambayo hakuna glukomita iwezayo kuifanya, kwa kuwa glukomita husubiri uamke. Katika utafiti ulioitwa IMPACT, uliochapishwa mwaka 2016, watu wenye kisukari cha aina ya kwanza kilichodhibitiwa vizuri waliotumia Libre ya awali, ambayo haikuwa na kengele hata kidogo, walipunguza muda wa kukaa chini ya 3.9 kwa asilimia 38. Kama kuona mchoro peke yake kulileta hayo, kengele juu yake ni neema.

Lakini kengele hupiga pia pasipo na moto. Mtu akilalia mkono wenye kihisi, mgandamizo huzuia majimaji kuzunguka vizuri, uzi hukosa sukari ya kupima, na simu hulia kwamba sukari imeshuka hali haijashuka. Tukio hilo hujulikana kwa sura yake kwenye mchoro: mstari huanguka ghafla kama mtu aliyetumbukia shimoni, hukaa chini kwa muda, kisha mtu akijigeuza hurudi juu ghafla vilevile. Sukari halisi haitembei hivyo. Kabla ya kulijua hilo niliwahi kunywa kinywaji chenye sukari mara mbili katika usiku mmoja, na kuamka nikiwa na 15. Siku hizi kengele ikilia saa nane za usiku hujigeuza, huchoma kidole, na ndipo huamua. Wanaolala kwa ubavu wangefanya vyema kuhamisha kihisi kwenye mkono wa upande mwingine au kwenye sehemu nyingine ambayo maelezo ya kihisi husika yanairuhusu.

Kuna pia uchovu wa kengele, ambao wauguzi wa hospitali wanaujua vizuri na sasa umeingia majumbani. Kifaa kipya huja na mipaka iliyowekwa tayari, na mtu mwenye ari ya mgeni huiacha yote ikiwa imewashwa: ya kupanda, ya kushuka, ya kupanda kwa kasi, ya kupotea kwa mawimbi. Wiki ya pili huzizima zote kwa hasira. Nashauri mgeni aanze na kengele za kushuka peke yake, akiacha ya kupanda kwenye 14 au hata zaidi, kisha aipunguze kidogo kidogo kadiri sukari zake zinavyotengemaa. Katika Dexcom, tahadhari ya dharura ya 3.1 mmol/L haina budi kubaki, na ingawa imewahi kunitahayarisha mbele ya watu, naunga mkono uamuzi huo.

Jambo la hatari zaidi ni kengele isiyolia. Kengele hizi huishi ndani ya simu, na simu ina mambo yake: hali ya kimya, hali ya kulala, sauti iliyohamia kwenye vipokea sauti vya masikioni, programu iliyofungwa na mfumo ili kuokoa betri, au ruhusa iliyojifuta baada ya mfumo kusasishwa. Mwezi wa Februari 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo rasmi kwamba wapo watumiaji wa vifaa vya kisukari waliokosa tahadhari muhimu kwa sababu za namna hii. Mimi limenipata pia, baada ya kuunganisha simu na spika na kusahau; tahadhari ililia kwa ufasaha katika chumba kisicho na mtu. Anayeweza kupata kisomeo maalumu kinachojitegemea nadhani akiweke kando ya kitanda hata kama mchana hutumia simu, na kila baada ya kusasisha simu ajaribu kengele kabla ya kulala.

Programu hizi humruhusu pia ndugu kuona namba kutoka mbali. Dexcom huruhusu wafuatiliaji hadi 10, na Libre hadi 20, idadi ambayo sijui ni familia gani inayoihitaji. Kwa mzazi wa mtoto aliyeko shuleni, au kwa mtu anayeishi peke yake, huduma hii haina mbadala. Kati ya watu wazima, ni vizuri wakubaliane mapema ni wakati gani mfuatiliaji apige simu, kwani mwenza anayeuliza "mbona umepanda?" kila baada ya mlo hugeuka askari, na mwenye kihisi hujifunza kukifunga.

Baada ya siku 14 za kuvaa, ambapo angalau asilimia 70 ya takwimu zimekusanywa, programu hutoa ripoti ambayo kwangu ina faida kubwa kuliko kitu chochote ninachoingia nacho kliniki. Ripoti hiyo hulaza siku zote moja juu ya nyingine na kuonyesha mstari wa kati pamoja na kivuli cha mtawanyiko, hivyo daktari huona kwa mtazamo mmoja kwamba tatizo liko kati ya saa tisa na saa kumi na mbili alfajiri, si mchana. Makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2019 yaliweka lengo, kwa watu wazima wengi wasio wajawazito, la kukaa kati ya 3.9 na 10.0 kwa zaidi ya asilimia 70 ya muda, karibu saa 17 kwa siku, na kukaa chini ya 3.9 kwa chini ya asilimia 4, ambayo si zaidi ya saa moja. Kwa wazee na walio katika hatari kubwa zaidi lengo ni laini kwa upande wa juu, zaidi ya asilimia 50, lakini kali kwa upande wa chini, pasipo kuzidi asilimia 1. Kwa wajawazito wenye aina ya kwanza kiwango chenyewe husogezwa hadi kati ya 3.5 na 7.8. Kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa takriban miezi mitatu, hakiwezi kumtenga mtu anayekaa 8 siku nzima na yule anayeruka kutoka 3 hadi 16 na kurudi. Wote wawili wanaweza kuondoka na karatasi yenye asilimia ileile.

Vitu vichache huvuruga kihisi chenyewe, na maelezo yake huchapishwa kwa maandishi madogo. Vitamini C ya vidonge inayozidi miligramu 500 kwa siku inaweza kuifanya Libre 2 na Libre 3 zisome juu ya ukweli, jambo ambalo linaweza kumfanya mtu ajidunge insulini asiyoihitaji. Parasetamoli iliwavuruga sana waliotumia vihisi vya zamani vya Dexcom. Kwa G6 na G7 dozi ya kawaida ya gramu 1 kila baada ya saa 6 haina neno, lakini vihisi kadhaa vya Medtronic bado huathirika nayo. Hidroksiyurea, dawa wanayotumia watu wengi wenye selimundu, husababisha vihisi vya Dexcom na Medtronic kusoma juu, na mwenye magonjwa hayo mawili kwa pamoja anapaswa kulizungumza hilo na daktari kabla hata ya kuchagua kihisi.

Nje ya Libre, Dexcom na Medtronic kuna Eversense, ambayo ni ya aina ya pekee. Haina uzi, ni kidonge kidogo ambacho daktari hukipachika chini ya ngozi ya mkono kwa upasuaji mdogo, nacho hupima kwa mwanga badala ya umeme. Toleo lililoruhusiwa Marekani mwaka 2024 hukaa mwaka mzima. Transmita yake, yaani kifaa kinachorusha namba kwenye simu, hubandikwa juu ya ngozi, huvuliwa na kuchajiwa kila siku, na hutetemeka mkononi sukari ikishuka, hata simu ikiwa mbali, sifa ambayo baada ya yale niliyosema juu ya simu naiona kuwa bora kuliko wapinzani wake wote. Gharama yake kwa mwili ni kovu dogo kila mara kinapoingizwa na kutolewa, na bado kinahitaji kusahihishwa kwa kidole mara kwa mara. Kwa mwenye mzio wa gundi kali, au asiyetaka uzi, ni chaguo la kufikiriwa kwa uzito.

Nani hasa anavihitaji vifaa hivi? Yeyote anayejidunga insulini, kwa maoni yangu, na aliyepoteza dalili za onyo kabla ya wote. Utafiti wa DIAMOND wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba hata wasiotumia pampu, bali sindano za kawaida, walishusha HbA1c zaidi walipovaa kihisi, na huo ulikuwa mwisho wa dhana kwamba kihisi ni cha wenye pampu pekee. Kwa mwenye aina ya pili asiyetumia insulini, kuvaa kihisi kwa wiki mbili au nne mara moja moja kunaweza kumfundisha ni mlo upi unaompandisha na ni matembezi yapi yanayomshusha. Baada ya kujifunza hayo, sioni sababu ya lazima ya kuendelea mwaka mzima. Bidhaa kama Stelo, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2024 kuuzwa bila cheti cha daktari, imelengwa kwa watu hao, na haina tahadhari za sukari kushuka, kwa hiyo anayejidunga insulini asiinunue kwa kuvutiwa na urahisi wake.

Saa na pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi nazitaja kwa sentensi mbili tu, maana hazistahili zaidi. Mwezi wa Februari 2024 FDA ilionya kwamba haijaruhusu hata moja inayopima sukari yenyewe kwa njia hiyo. Saa halali huonyesha tu namba iliyotoka kwenye kihisi kilichotoboa ngozi.

Lawama yangu ya mwisho ni taka. Kila kihisi huja na kibandikio cha plastiki kikubwa mara nyingi kuliko chenyewe, chenye sindano ndani, nacho hutumika kwa sekunde moja na kuwa kitu kisichoweza kutupwa popote. Kupanda kwa muda wa kuvaa kutoka siku 10 hadi 15, kama ilivyo kwa toleo jipya la G7 lililoruhusiwa mwaka 2025, kunapunguza tatizo hilo kidogo, ingawa mimi mwenyewe si mara zote nimeiona siku ya mwisho iliyoahidiwa. Vihisi kadhaa vimenifia njiani, na kila mara imenibidi kutunza namba ya kundi iliyo kwenye boksi ili kudai kingine. Boksi lisitupwe kabla kihisi hakijamaliza muda wake.

Kati ya Libre 3 na G7, ningemwambia mgeni achague ile ambayo kliniki yake inaweza kufungua ripoti zake, ambayo simu yake inakubaliana nayo, na ambayo pampu yake, kama anayo, inaitambua. Glukomita na vibanzi vyake vibaki kwenye mkoba, vikiwa na tarehe ambayo haijapita. Mimi nabadilisha kihisi changu kesho asubuhi, na mkono wa zamu hii ni wa kushoto.